Gilasi ya Baba Shiro

Mimi nauza mapazia Kariobangi, lakini mdomo wangu mwenyewe haujawahi kuwekewa pazia. Naanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba Njoki alisema mengi mbele ya wakwe. Nilisema, ndiyo, na ningesema tena hata leo.

Jambo lenyewe lilianzia mikononi mwa mume wangu. Kinyanjui alikuwa fundi wa vioo. Kuanzia Kariobangi mpaka Tena tunakokaa, na hata zile nyumba za zamani za Ziwani, madirisha mengi unayoyaona yalipita mikononi mwake. Alikuwa akilaza kioo mezani, anapitisha almasi yake ya kukatia mara moja, anagonga kidogo, na kioo kinaachana palepale alipotaka. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na wa kushoto ukaufuata. Daktari alitupa jina refu la ugonjwa na vidonge, akasema hautaondoka, utapunguzwa mwendo tu. Kinyanjui akaifunga almasi kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati.

Tangu hapo chai alikunywa kwenye kikombe cha plastiki cha bluu chenye mikono miwili, kile cha watoto. Mbele yangu alikunywa bila neno. Mgeni akipiga hodi, kikombe kilikwenda chini ya kiti, na mgeni akiuliza mbona mzee hanywi chai, anaambiwa mzee ameshakunywa. Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni lile alilosema wiki ambayo Shiro alituletea habari kwamba watu wa kijana wake wanataka kuja.

Shiro ndiye kifungua mimba wetu na ndiye kitinda mimba, maana ni yeye peke yake. Na kwetu Wagikuyu, siku wakwe wanapokuja kwa ruracio, kuzungumzia mahari, maneno yote ni upepo mpaka msichana aitwe, aulizwe mbele ya watu kama kinywaji kilicholetwa kinyweke. Akikubali anaonja, kisha anampa baba yake kwa mkono wake. Baba akinywa, imekuwa.

"Phares atakaa mahali pangu," Kinyanjui akasema. Phares ni mdogo wake, fundi wa mageti palepale Kariobangi.

"Akae mahali pako kwani umekufa?"

"Mkono utamwaga, Mama Shiro. Watu watoke Nyeri waje waone baba wa msichana akijimwagia kama mtoto? Hapana. Nitakaa chumbani, mseme naumwa. Si uongo."

Shiro alikuwa mlangoni, bado na begi la kazi begani. "Daddy, kama si wewe, mimi sionji. Na nisipoonja hakuna ruracio. Watarudi na mbuzi zao."

"Usinitishe."

"Sikutishi. Nakushow tu vile itakuwa."

Hawa wawili ni wakaidi kwa kipimo kimoja, na mimi niko katikati. Nyumba yangu niliiacha hivyo niliposafiri.

Mara moja moja mimi huenda Istanbul kuleta vitambaa vya mapazia, na huenda na Nakhumicha anayeuza mashuka Umoja. Nakhumicha ni mwanamke mrefu, mpole, na kazi yake kubwa safarini ni kunivuta mkono ninapoanza kugombana. Safari hii nilikuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu nyumbani. Kinyanjui aliwahi kuniambia kwamba kioo chepesi ndicho humsaliti mtu. Kizito hutulia mkononi. Basi nikajiambia, lazima kuna gilasi mahali fulani itakayouweza mkono wake, gilasi ya mtu mzima, ya kukaa nayo mbele ya wageni. Nitaitafuta.

Tulipomaliza vitambaa nikaanza. Gilasi zao za chai ni ndogo, zimebanwa kiuno, hazina pa kushika. Kwetu ungempimia mtoto dawa ya kikohozi. Nikaingia duka hili, nikatoka lile. Kila gilasi niliyoiona nzuri niliiinua na kuutetemesha mkono makusudi, nione itatulia au itacheza. Wauzaji waliponiona wakanipokonya. Mmoja alinionyesha mlango kwa adabu sana.

"Njoki, watu wanafikiri umeshikwa na kifafa," Nakhumicha akasema.

"Wafikiri."

Mwisho tukafuata harufu ya moshi kwenye uchochoro nyuma ya maduka, tukafika kwenye karakana ya mlango wazi. Ndani kulikuwa na tanuri, na mbele yake mwanamume wa makamo mwenye tumbo na bomba refu la chuma. Alilitia bomba motoni, akalitoa, na mwisho wake kimening'inia kioo kilichoyeyuka, chekundu, kinavutika kama asali. Akaweka mdomo upande wa pili, akapuliza. Kile kitu kikavimba polepole mbele ya macho yangu.

Nilisimama pale nikitazama. Mume wangu amekula kwa jasho la kioo maisha yake yote, na hajawahi kukiona kikiwa laini. Niliona uchungu kwamba niko pale mimi, si yeye.

Lugha hatukuwa nayo. Nikamnyooshea yule fundi mkono, nikautetemesha. Akaitikia kwa kichwa, akamwita mke wake, na mke wake akaniletea kigoda karibu na tanuri na chai ya moto. Walidhani nimeshikwa na baridi. Chai nikanywa, maana chai haikataliwi.

"Mwonyeshe vile anakunywa," Nakhumicha akaninong'oneza.

Nikaonyesha pete yangu, yaani nazungumzia mume. Nikashika gilasi ya hewa, nikaipeleka mdomoni ikitetemeka, nikajimwagia kifuani, nikajifuta. Kisha nikainamisha kichwa kama Kinyanjui anavyokiinamisha. Hapo fundi akaweka bomba chini. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akautetemesha vilevile, akanionyesha picha ya mzee iliyotundikwa ukutani juu ya vifaa. Sijui kama ni baba yake au babu. Nilijua tumeelewana.

Alinitengenezea palepale. Alichota kioo, akapuliza, akachota tena na kuongeza chini ili kitako kiwe kinene. Katikati alikibana kidogo kwa koleo la mbao lililolowa, kuacha mahali pa vidole kukaa. Rangi yake ilikuwa kijani, ile ya chupa za zamani za soda. Nikanyoosha mikono nipokee. Akacheka, akakiweka kwenye tanuri nyingine, akalaza shavu juu ya kiganja: kilale, mje kesho. Nikaanza kuuliza kwa nini kesho na kama ana mpango wa kumuuzia mwingine, Nakhumicha akanivuta mkono.

Asubuhi tukarudi na mizigo yetu ya mkononi. Gilasi ilikuwa tayari, imefungwa magazeti. Tuliagana vizuri, tukatoka. Hatujafika mbali, nikasikia maji yakipiga chini nyuma ya visigino vyangu. Nikageuka. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na jagi tupu mkononi, ametumwagia maji barabarani kama watu wanaofukuzwa.

Kwetu Tena, ukimwagiwa maji nyuma, ama mtu amekuchoka ama mfereji umeziba. Na huyu jana alinipa chai! Nikamwambia maneno kwa Kigikuyu ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Yeye akanipungia mkono, anatabasamu. Ningerudi kumrudishia gilasi yake, ila nilikumbuka ni ya nani.

Hasira nilifika nayo mpaka kwa Abdiqani, kijana wa Eastleigh anayetusafirishia mizigo kutoka Istanbul na amekaa huko miaka. Nikamweleza yote huku akifunga marobota yangu. Akacheka mpaka akaacha kamba.

"Mama Njoki, umetukana mtu aliyekuombea," akasema. "Huku mtu akisafiri, wanamwaga maji nyuma yake. Aende kama maji, arudi kama maji. Asikwame njiani."

Nilinyamaza. Nakhumicha anasimulia habari ya kunyamaza kwangu mpaka leo, na kila akisimulia anaiongezea dakika.

Nyumbani, Kinyanjui aliyafungua magazeti yeye mwenyewe, polepole, mezani. Akaipeleka gilasi dirishani, akaizungusha mwangani. Chini kabisa, ndani ya kile kitako kinene, kulikuwa na tone la hewa dogo mno.

"Ona," akasema. "Hii ni pumzi ya huyo mtu. Imebaki humu."

Akajipimia mkononi, akaniambia ni nzito, ni nzuri, mtu anajua kazi. Miezi mingi sikuwa nimemsikia akizungumzia kioo. Nikamtilia maji nusu. Mkono ulitetemeka, lakini gilasi iliuvuta chini, ukatulia kiasi, na maji yakafika mdomoni bila kutoka. Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha akanyanyuka mwenyewe akaijaza mpaka juu, na safari hiyo yakamwagika mezani.

"Haitoshi, Mama Shiro."

"Tutajaza nusu."

"Baba wa msichana hapewi nusu."

Nilikwenda jikoni nikalia, nikasema ni kitunguu. Nilikuwa nimevuka bahari kuleta gilasi, na mkono ulikuwa bado ni mkono. Lakini kile kikombe cha bluu sikukiona tena. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya nyuma na gilasi yake, anajaza, anainua, anamwaga, anajaza. Aliiosha mwenyewe na hakutaka mtu aiguse. Nikimuuliza kama atakaa na wageni, alikuwa akiniuliza bei ya vitunguu.

Siku ikafika. Wageni waliimba getini, wakafunguliwa, wakaingia na mbuzi wao na vikapu vyao, wakajaza sebule yangu mpaka kwenye vizingiti. Msemaji wao alikuwa mzee Wahome, babu wa kijana, mwembamba, mwenye fimbo na macho ya kuchekesha. Nilikuwa nimetandika zulia jipya la rangi ya maziwa. Najua, rangi ya maziwa, usiniambie. Kiti cha Kinyanjui kilikuwa tupu na mlango wa chumbani umefungwa. Phares, amevaa koti, alikuwa amekaa kando ya kiti kile, anakitazama kama mtu aliyeambiwa ashike mtoto wa wenyewe.

Mzee Wahome aliposimama kusalimu, mlango wa chumbani ukafunguliwa. Kinyanjui akatoka, amevaa suti ya Jumapili, gilasi ya kijani mkononi. Hakumtazama mtu. Akaketi mahali pake. Nikaona Shiro, kule alikosimama na wenzake jikoni, akifuta macho kwa upande wa leso.

Aliitwa. Kinywaji kilikuwa maji ya asali, maana mimi ni mama wa kanisa na pombe haipiti mlango wangu.

"Mwanangu," mzee Wahome akasema, "hiki tulicholeta, tukinywe au turudi nacho?"

"Kinyweni," Shiro akasema.

Akachukua ile gilasi kwa baba yake, akaenda kwenye kibuyu. Nilimkonyeza ajaze nusu. Alinitazama vizuri tu, kisha akajaza mpaka juu. Akaonja kidogo, akaja mbele ya baba yake, akainama, akampa kwa mikono miwili.

Kinyanjui akapokea. Gilasi ikainuka, ikafika kifuani salama, na hapo mkono ukaanza. Asali ikamtiririkia vidoleni, ikalowesha suruali, ikaanguka kwenye zulia. Sebule nzima ikasikia. Nyuma yangu jirani yangu Mwelu, ambaye methali humtoka bila kuitwa, akanong'ona, "Maji yakimwagika hayazoleki." Phares akaruka. "Lete nikusaidie, kaka." Kinyanjui akaikaza zaidi, na kwa kuikaza ikamwagika zaidi.

Kisha akageuza macho kuutazama mlango wa chumbani. Nilimwona. Nikajua akiinuka na kuingia mle, hatatoka tena kwa ajili ya mtu yeyote, hata siku ya harusi. Nikasimama. Mama wa msichana hazungumzi wakati ule, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

"Phares, kaa chini," nikasema. "Mwacheni amwage. Gilasi hii nimeitoa mbali. Huko ilikotengenezwa, mtu wa nyumbani akiondoka, humwagiwa maji nyuma yake, ili aende kama maji na arudi kama maji. Nilimwagiwa mimi, nikatukana, kwa ujinga. Lakini nilikwenda salama, nikarudi salama, niko hapa. Huyu ana mtoto mmoja. Leo mmekuja kumwomba. Anammwagia njia."

Kisha nikaketi, nikajifunga leso vizuri.

Mzee Wahome alikuwa akilitazama lile zulia. "Baba yangu," akasema polepole, "hakupeleka kinywaji mdomoni kabla ya kuimwagia ardhi kidogo. Sisi tukasoma, tukanunua sakafu za kupanguswa, tukaacha." Akainua kikombe chake alichowekewa, akakiinamisha. Asali ikashuka kwenye zulia langu la maziwa. Mzee aliyekuwa kando yake akafanya vivyo hivyo, na yule wa tatu, na Phares naye, akamwaga nyingi kuliko wote. Nililiaga zulia langu kimoyomoyo.

Kinyanjui aliwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akashika gilasi kwa mikono yote miwili, akainama kidogo kuifuata, akanywa. Alikunywa taratibu, na nyingine ilimpita kidevuni, na hakuna aliyemharakisha wala kuangalia pembeni. Akaiweka chini tupu.

"Imekuwa," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka Umoja, na cha kwanza kilikuwa changu.

Asubuhi ya harusi yake Shiro aliondokea nyumbani kwetu. Magari yalikuwa yanapiga honi, wasimamizi wanafokeana, mimi natafuta kiatu. Alipokwisha kutuaga na kuteremka ngazi, nikaona Kinyanjui amesimama mlangoni na gilasi yake imejaa maji. Hakungoja mtu amsaidie. Akanyoosha mkono na kuuacha utetemeke utakavyo, na maji yakaruka huku na huku, yakalowesha ngazi zote na njia mpaka karibu na gari. Mimi ningemwaga mahali pamoja tu. Shiro aligeuka, shela ikiwa juu ya mkono, akayatazama yale maji, akapanda gari.

Gari likatoka getini. Nikamshika Kinyanjui kiwiko nimrudishe ndani akae, kwa maana alikuwa amesimama kwa muda mrefu. Hakusogea. Alininyooshea gilasi tupu.

"Jaza tena," akasema. "Yale yalikuwa ya kwenda. Ya kurudi sijamwaga."

Nikachukua gilasi, nikaenda kujaza.